Karani Ambaye Sikumwajiri

Sikuambiwa na mtu, wala sikusoma mahali. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Voi, nikiwa na akili zangu timamu na nimeshiba chakula cha mchana. Ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Watu wakinisikia nikianza, huniuliza, ilikuwa usiku? Nikisema hapana, naona nyuso zao zinabadilika. Wangefurahi kama ningesema usiku wa manane, upepo unavuma, fisi wanalia. Sasa mimi nifanye nini? Ilikuwa Ijumaa, saa saba na kitu mchana, na jua la Voi limewaka mpaka mabati ya paa yanalia ka, ka, ka. Mambo hayo yalikuja wakati huo, na mimi siwezi kuyahamisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, ikielekea kuisha. Nilikuwa karani katika mradi mdogo wa kufuatilia ndovu. Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya zamani nje kidogo ya mji, na ndani yake mlikuwa na redio ya kuongea na watu walio porini, simu, na kompyuta iliyoletwa na wafadhili wa ng'ambo. Mume wangu, Mwakio, alikuwa mmoja wa wafuatiliaji. Yeye na wenzake walikuwa wakishinda na kulala nyikani, wakiwafuata ndovu wenye pembe kubwa ili wajulikane waliko na walindwe. Kulikuwa na dume mmoja ambaye Mwakio alimpenda kama ndugu. Walimwita Bwana Shamba, kwa sababu hakuna siku aliyopita karibu na mahindi ya watu bila kuyakagua.

Kila jioni wafuatiliaji walifungua redio na kuniambia: leo tuko mahali fulani, ndovu fulani yuko mahali fulani. Mimi naandika yote kwenye kompyuta.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndiyo kiini cha mambo. Kompyuta ile ilikuwa na programu inayoitwa seva. Seva ni kama mhudumu wa hoteli. Mtu yeyote duniani, awe Nairobi au Ulaya, akiagiza ukurasa, seva inampelekea. Tulikuwa na laini ya simu iliyokodiwa na wafadhili, wazi mchana na usiku, kwa kazi hiyo tu. Kurasa za mbele zilikuwa za kila mtu: picha za ndovu, shukrani kwa wafadhili, mambo kama hayo. Lakini nyuma kulikuwa na faili zangu za jioni, na hizo zilikuwa na paswadi. Wafadhili wenyewe ndio waliotaka ziwekwe hapo ili nao wazione. Paswadi tuliijua watu wachache sana, na mimi nilidhani hiyo inatosha. Nani asingedhani?

Halafu ndovu wakaanza kuuawa. Wa kwanza tukasema ni bahati mbaya. Wa pili tukanyamaza. Waliowaua hawakuwa wametangatanga kutafuta nyayo. Walifika moja kwa moja, kana kwamba kuna mtu aliyewashika mkono.

Unajua watu wanavyofikiri. Nani anajua ndovu walipo? Wafuatiliaji. Basi mmoja wao anauza habari. Na nani ana mke anayekaa kwenye redio? Mwakio.

Jumatatu ya wiki hiyo, Dokta alimwita. Dokta alikuwa daktari wa wanyama, ndiye mkubwa wetu wa kazi, mtu mpole asiyependa kugombana. Mwakio alirudi nyumbani akakaa mezani, ugali ukapoa mbele yake.

"Mama Wakesho," akaniambia, "nimeambiwa nikirudi hii safari nikae nyumbani kwanza. Mpaka wachunguze."

"Wachunguze nini?"

"Eti nauza ndovu. Eti naambia watu wako wapi."

"Dokta amesema hivyo?"

"Dokta amesema yeye hasemi ni mimi. Sasa kama si mimi, ni nani?"

Kesho yake alfajiri akafunga begi lake akaenda zake Kasigau, kumfuata Bwana Shamba. Aliondoka bila kuaga watoto, na Mwakio si mtu wa hivyo.

Ndipo ikafika hiyo Ijumaa. Dokta alikuwa ameenda Mwatate kwa mkutano. Mlinzi wetu alikuwa msikitini. Nilikuwa peke yangu, mimi na mbwa wa ofisi aliyeitwa Askari, na Askari alikuwa hapendi mtu. Alimbwekea hata Dokta anayemlisha. Na lango letu, nikwambie, lilikuwa la chuma kizito, ukilisukuma linapiga kelele mpaka barabarani wanageuka.

Mimi sikusikia lango. Niliinua macho tu nikaona mama mtu mzima amesimama mlangoni, buibui lake safi, mkoba mweusi mkononi. Si mkongwe wa kuinama, hapana. Mama aliyenyooka, mwenye uso wa mtu aliyezoea kuwa na kazi. Na Askari? Niamini, yule mbwa aliinuka akatikisa mkia, akaenda kulala miguuni pake.

"Shikamoo," nikasema, huku nikisimama.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wewe ndiye mwenye kiti hiki?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

Nilimvutia kiti cha wageni, hakukitaka. Alikaa kwenye stuli iliyokuwa karibu na kompyuta, pale nyaya za simu zilipoingilia ukutani. Akaweka kiganja chake juu ya modemu, kile kisanduku chenye taa ndogo kinachoongea na laini ya simu, kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Kisha akagusa sikio lake la kulia kwa vidole viwili, akainamisha kichwa kidogo. Alifanya hivyo tena na tena muda wote aliokuwa pale.

"Sitakaa sana," akasema. "Nimekuja kukuambia neno, kisha nende zangu. Kuna mtu huja kwenye laini yako hii. Hodi hapigi, salamu hatoi. Aingia, auliza, na hiki chombo chako chamjibu."

Nikatabasamu. Nilidhani ni mama wa watu asiyeelewa kompyuta. "Mama, hiyo ndiyo kazi yake. Watu wanauliza, inajibu."

"Najua kuuliza na kujibu," akasema, bila hasira. "Sisemi wale wapitao mlango wa mbele. Nasema huyu. Humo ndani mna karani ambaye wewe hukumwajiri. Kaja na chombo chenyewe. Kazi yake kutoa namba za simu. Lakini hana adabu, mwanangu. Karani mwenye adabu ukimuuliza namba, akupa namba, basi. Huyu ukimuuliza namba kisha ukaongeza neno jingine papo hapo, akupa na hilo jingine. Lolote. Hata la siri."

Tabasamu langu likaisha. Sikujua kwa nini. Labda ni ile sauti yake, sauti ya mtu anayetoa ripoti ya kazini.

"Na huyo anayeuliza ni nani?"

"Uso wake siuoni. Mimi nasikia tu. Auliza waliko wanyama, na waliko vijana wawalindao. Jana kauliza tena. Mumeo yuko Kasigau, upande wa Rukanga, sivyo?"

Nikahisi baridi. Katika jua lile! Sikuwa nimemwambia nina mume, sembuse alipo. Mahali alipo Mwakio nilikuwa nimepaandika jana yake jioni, mimi peke yangu, katika chumba kile.

"Mama, wewe ni nani?"

"Mimi Bi Zuhura, mamake Salim wa duka la vitambaa kule sokoni. Ukimwona nisalimie. Sasa fanya haraka."

Nikageuka kutazama kompyuta, si zaidi ya kupepesa macho. Nilipogeuka tena, stuli ilikuwa tupu. Nikakimbia hadi uani. Lango limefungwa vile vile, kimya. Askari amesimama katikati ya uwanja, anatazama mbali na kutikisa mkia, kama anayemuaga mtu wa nyumbani.

Ungefanya nini wewe? Nilitaka kufunga ofisi nikimbie. Lakini neno "haraka" lilikuwa limenishika. Nikarudi ndani.

Nilikuwa nimesomea kompyuta Mombasa kwa muda mfupi, mengine nikajifunza kwa kujaribu na kuharibu. Nilijua kwamba seva ile ilikuja na vijiprogramu vya mfano, vya kuonyesha watu inavyoweza kufanya kazi. Hatukuwahi kuvitumia, kwa hiyo hatukuwahi kuvitazama. Nikafungua pale vilipo. Na kweli, katikati yao, kilikuwepo kimoja cha kutafuta namba za simu, kama kitabu cha simu. Kilikuwa kinangoja kazi tangu siku mashine ilipowashwa.

Nikahamia kompyuta ya pili, ile ya Dokta, nikaingia kama mgeni kabisa, bila paswadi. Nikamuuliza yule karani jina langu. Hakuna namba, maana hatukuwa tumemwekea kitabu. Sawa. Nikauliza tena, na safari hii, baada ya jina, nikaongeza alama ya kuruka mstari, na baada yake amri fupi ya kompyuta: nionyeshe faili la jana jioni.

Nikabonyeza.

Likaja. Maneno yangu mwenyewe niliyoandika kwa vidole vyangu. Bwana Shamba, chini ya mlima Kasigau, nje ya Rukanga. Mwakio na wenzake, watalala kando ya mwamba wenye maji. Hakuna paswadi iliyoulizwa. Kwa nini iulizwe? Paswadi ni ya mtu anayeingia kutoka nje, na yule karani alikuwa tayari ndani ya nyumba.

Kumbe msaliti tuliyekuwa tukimtafuta ndiye niliyekuwa nikimfuta vumbi kila asubuhi. Mume wangu amepakwa matope bure. Halafu likanijia lile jingine, nikasimama mpaka kiti kikaanguka: waliosoma jana, leo wako wapi?

Nikashika redio. Lakini wafuatiliaji hufungua redio asubuhi na jioni tu, ili betri isiishe. Saa hizo ingekuwa imezimwa, imefungwa ndani ya begi. Niliita hata hivyo. "Kasigau, Kasigau, mnanisikia?" Mkwaruzo mtupu. Nikaita tena. Machozi yakaanza kunitoka, nikaita na huku nalia, naita jina lake tu, Mwakio, Mwakio.

Mkwaruzo ukakatika. Nikasikia sauti ya mwanamke, tulivu, karibu kama mtu aliye chumba kile kile.

"Subiri, mwanangu. Nakuunganishia."

Pakalia tiki, kama kitu kimechomekwa mahali pake. Kisha sauti ya mume wangu, kwa mbali: "Hii kitu imewashwa na nani?"

"Mwakio!"

"Mama Wakesho? Redio ilikuwa imezimwa! Iko ndani ya begi, hata sijaigusa."

"Usiniulize. Ondokeni hapo mlipo. Msilale hapo leo."

"Twende wapi?"

"Rukanga, mahali penye watu. Sasa hivi, baba Wakesho, nakuomba."

Mwakio ni mtu wa maswali, siku zote. Lakini siku hiyo aliniambia, "Sawa. Tunatoka." Mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo neno moja.

Walilala Rukanga, nyumbani kwa mjomba wa mmoja wao. Asubuhi walirudi kwenye mwamba pamoja na askari wa mbuga. Katika haraka yao walikuwa wameacha blanketi moja limefunika mzigo, na mtu aliye mbali angedhani ni mtu amelala. Blanketi hilo lilikuwa na matundu ya risasi. Na nyayo za watu zilikuwa zimezunguka pale pote.

Dokta alirudi mbio kutoka Mwatate. Nilimkalisha mbele ya kompyuta yake mwenyewe, nikamuuliza yule karani mbele ya macho yake. Alipoona faili limekuja bila paswadi, alivua miwani akaishika tu.

"Nimemwambia nini Mwakio," akasema. "Nimemwambia nini yule mtu."

"Utamwambia kingine akija," nikamjibu. "Sasa niruhusu niitoe hii programu."

Akafikiri. "Usiitoe bado, Mama Wakesho. Tumwachie huyo msomaji cha kusoma."

Basi jioni hiyo niliandika uongo, na kuuandika kulinifurahisha. Niliandika kwamba Bwana Shamba amevuka kwenda bonde fulani kavu, ambako hakuwako hata sungura. Tulimwambia kiongozi wa askari wa mbuga peke yake. Vijana wake wakaenda kujibanza huko. Siku moja ikapita bure, na mimi nikaanza kujiona mjinga. Siku iliyofuata wakaja wenye bunduki, moja kwa moja, kama watu waliopewa ramani. Walikamatwa wote, na hakuna aliyeumia.

Yule aliyekuwa akisoma kwa niaba yao hatukumjua kamwe. Walisema ni mtu wa mjini waliyekuwa wakiongea naye kwa simu tu. Inawezekana. Mimi niliitoa ile programu na wenzake wote wa mfano, faili za jioni nikazihamishia kwenye mashine isiyo na laini yoyote, na wafadhili wakapata habari zao kwa barua. Dokta alikuja nyumbani kwetu na mbuzi. Hakusema mengi. Alimshika Mwakio mikono yote miwili mbele ya watoto wetu na majirani waliokuwa wakimsema, na hapo yakaisha.

Nilipopata nafasi, nilienda sokoni. Nilinunua sukari na chai ya kumpelekea yule mama, nikaingia duka la vitambaa. Salim alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo, anapima khanga.

"Nimemletea mama yako zawadi," nikasema. "Bi Zuhura. Alinisaidia jambo kubwa wiki ile."

Akaacha kupima. "Mama yangu yupi, dada?"

"Bi Zuhura. Alikuja ofisini kwetu Ijumaa, akaniambia nikusalimie."

"Mama yangu ni marehemu, dada. Alitutoka kabla hata hamjafungua hiyo ofisi."

Hakusema kwa ukali. Alinitazama kama anayepima kama nina wazimu. Mimi nikashika meza. Nikamweleza alivyokaa, alivyoweka mkono kwenye modemu, na alivyokuwa akigusa sikio lake, na nilipomwonyesha kwa vidole viwili, namna hii, Salim akaketi juu ya marobota ya vitambaa na machozi yakamtiririka.

"Alikuwa opareta wa simu," akasema baadaye. "Zamani, simu zikiunganishwa kwa mkono hapa Voi. Kile chombo cha kusikilizia alikivaa miaka na miaka, hata alipostaafu aliendelea kushika sikio vile vile, mezani, popote. Na akisikia watu wapanga ubaya kwenye laini, alikuwa achomoa waya. Kapewa onyo kazini si mara moja."

"Basi bado yuko kazini," nikasema.

Akacheka huku analia. Nami pia. Zile sukari na chai alizipokea, zikatumika katika khitma yake. Tangu mwaka huo sijakosa khitma ya Bi Zuhura, mimi Mkristo, na wajukuu zake huniita shangazi. Mwakio naye huja. Yeye huwaambia waziwazi kwamba aliisikia ile sauti pale mwambani, ikitoka ndani ya begi, kabla ya yangu: "Kijana, pokea simu ya mkeo."

Tangu siku hiyo nimekuwa na tabia ambayo watoto wangu huona ni ya ajabu. Nikishika simu, kabla sijapiga namba, husema "asante". Kimya kimya tu. Sasa tuna hizi simu za mkononi zisizo na waya wala opareta, na bado nasema. Mara moja, mara moja tu kwa miaka yote hii, nilisikia mtu akiitikia. Sikuogopa hata kidogo.

Basi wewe unayenisikiliza, chukua hili. Ukiletewa mashine, usifurahie tu kwamba inawaka. Ifungue uone ni nani amekuja nayo, na yule usiyemhitaji umtoe nje siku hiyo hiyo, maana anajibu kila anayemuuliza. Na mtu mzima akiingia kwako katikati ya jua, ukaona hata mbwa hakubweka, akakuambia kuna mtu ndani ya nyumba yako usiyemjua, tafadhali usimcheke kama nilivyotaka kumcheka mimi. Mpe kiti. Mwache amalize anachosema, halafu uende ukaangalie.